Siku Saba Kichwani Mwake

Siku niliyoingia kwenye duka lake la kunyolea mara ya kwanza, pale sokoni Tawa, Ukambani, kichwa chake kilikuwa na nywele za namna nne. Juu ya sikio la kushoto zilikuwa zimelala kama zimepigwa pasi. Juu ya sikio la kulia zilisimama kavu, rangi ya vumbi. Kisogoni ziling'aa mafuta, na utosini alikuwa amenyoa kiduara kidogo akakipaka kitu cheupe kilichonuka vitunguu. Nilidhani ni mgonjwa. Nikarudi hatua moja nyuma, naye akaniambia nikae tu, kwa sababu kiti ni cha wateja na ugonjwa ni wake.

Nilikuwa mwalimu mpya, mwanzoni mwa miaka ya sabini, na nilikuwa nimefuga afro kubwa kama wenzangu wote tuliotoka chuoni. Nilitaka mafuta ya kuifanya ing'ae. Badala ya kunipa kopo, aliniuliza ninalalia mto wa nini, ninaogea maji ya wapi, na kama natoka jasho ninapofundisha hesabu. Ndivyo nilivyoanza kumjua, na nilimjua kwa zaidi ya miaka ishirini. Ukoo wake siujui, na alikozaliwa sikuwahi kumuuliza. Ninachotaka kueleza ni jinsi alivyokuwa, na jinsi nilivyomharibia jina, maana jambo hilo limenikaa kooni. Kila nikikaa kuandika kitu kingine, nainuka kitini.

Watu wote walimwita Kinyozi, hata mkewe. Alikuwa na sheria moja iliyomtofautisha na vinyozi wengine wote niliowajua. Hakuna kitu kilichopakwa kwenye kichwa cha mteja kabla hakijakaa siku saba kichwani mwake yeye Kinyozi. Mafuta ya mgando, pomedi za kopo, mafuta ya mbarika yaliyokamuliwa na akina mama wa vijijini, mafuta ya nazi yenye manukato aliyoletewa na mfanyabiashara mmoja Mwislamu wa Kitui mjini, vyote vilipita njia hiyo. Nilipomuuliza kwa nini saba na si mbili, alinijibu bila kuacha kunyoa.

"Siku ya kwanza kila kitu ni nzuri," alisema. "Hata mgeni. Ngoja siku ya tano."

Majaribio yake hayakuwa ya mchezo. Siku ya kwanza alijipaka akakaa kivulini. Siku ya pili alisimama kando ya barabara saa saba mchana, pale malori yanapopunguza mwendo kuingia sokoni, ili aone mafuta yanashika vumbi kiasi gani. Kisha alipitisha kitambaa cheupe kichwani na kukikagua kwa jicho moja. Siku ya tatu ilikuwa ya jasho. Alimtafuta mtu mwenye magunia ya mbaazi akamsaidia kuyabeba, na mwenye magunia akaenda akisifu wema usiokuwapo. Siku ya nne mpaka ya sita zilikuwa za makochi.

Jambo hili la makochi linahitaji maelezo. Katika nyumba zetu kila kochi limevikwa vitambaa vyeupe vilivyofumwa kwa kroshia na mama mwenye nyumba. Mafuta mabaya huacha duara la kahawia pale kichwa kinapoegemea, na mama mwenye nyumba hulikumbuka duara hilo kuliko anavyokumbuka jina la mgeni. Kinyozi alijua kwamba kijana akienda kuposa na kuacha duara, ameanza vibaya. Kwa hiyo aliegemea vitambaa vya mkewe makusudi, wiki baada ya wiki. Mkewe alikuwa mtu mpole, mwimbaji wa kwaya, lakini kwa habari ya vitambaa upole wake uliishia mlangoni. Mwishowe alimfumia kimoja cha kwake peke yake, kibaya, chenye nyuzi zilizobaki, akamwambia aegemee hicho mpaka Yesu arudi.

Alipanga hesabu ya siku ili ya saba iangukie Jumapili. Kanisani aliketi mbele ya bibi mmoja mwenye pua kali. Bibi akipiga chafya mara moja, alivumilia. Akipiga mara tatu, kopo lilirudishwa lilikotoka, na wala halikuzungumzwa tena.

Mwaka mmoja alipata pomedi iliyopita mitihani yote hiyo. Mtu mwingine angetulia akauza. Yeye akasema Tawa ina upepo na joto lake si la kuamini. Akapanda lori la wanunuzi wa mbuzi mpaka Tseikuru, kaskazini kabisa mwa Kitui, akakaa juani mchana kutwa pamoja na wachunga mifugo. Pomedi iliyeyuka ikamteremkia machoni, nzi wakamfuata, na mbuzi mmoja akamlamba kisogo. Alirudi baada ya siku nne, kichwa kimejaa vumbi jekundu, akiwa na furaha kuliko nilivyowahi kumwona. Nilimuuliza ni wateja wake wangapi wanaoishi Tseikuru. Akanijibu kwamba mtu husafiri.

Hakuweza kukaa. Chai aliinywa akitembea kutoka mlangoni hadi dirishani. Kiti cha kunyolea alikihamisha mara tatu kwa siku akifuata mwanga, na mteja akihamishwa pamoja nacho. Hata alipokusikiliza, mguu mmoja ulikuwa tayari unataka kwenda mahali. Ukimwona ametulia, ujue kuna kitu kinamwasha kichwani na anahesabu dakika. Nami nilikuwa namna hiyohiyo, ila mimi nilikuwa na haraka ya kufika na yeye alikuwa na haraka ya kujua. Wakati ule sikuona tofauti.

Maji yalikuwa vita yake nyingine. Maji ya visima vyetu mengi yana chumvi, sabuni haitoi povu, na dawa ya nywele haitoki vizuri kichwani. Nyuma ya nyumba alikuwa na tangi la bati la kukinga mvua, na maji yake aliyaita maji ya kichwa. Hakuna aliyeruhusiwa kuyanywa. Ukame ulipobana, na punda wakawa wanaleta mitungi kutoka visima vya mchangani, familia yake ilikunywa chai yenye chumvi huku tangi limejaa maji matamu ya kusuuzia watu wasio wa ukoo wao. Siku moja mkewe alimuuliza mbele yangu kama watoto wake wao hawana vichwa. Alitoka nje. Kesho yake nilimkuta akiwapimia watoto kikombe kimoja kimoja kutoka kwenye tangi, na wateja wawili waliokuja kuweka dawa akawaambia warudi baada ya mvua.

Ungedhani mtu kama huyo anapenda urembo. Hakuupenda hata kidogo. Kioo cha dukani alikifunika kwa leso ya mkewe mpaka amalize kazi, kwa sababu alisema mtu akijitazama sana anaanza kudai kichwa cha mwenzake. Alisema mwanamume anayetaka kung'aa ana kasoro mahali, kisha akatumia saa nzima kumng'arisha. Kuhusu mafuta alikuwa mkweli kupita kiasi, hata akafukuza wateja. Kuhusu umri wake alidanganya kila mwaka. Mchungaji wetu alipohubiri dhidi ya wanaume wanaojipaka vitu kichwani, Kinyozi alitoka kanisani amefura. Nilidhani amechomwa na neno la dhambi. Kumbe kilichomkera ni kwamba mchungaji alisema mafuta yote ni mamoja. Wiki iliyofuata mchungaji huyohuyo alipita mlango wa nyuma kuulizia kanta ya kutia ndevu zake weusi, akapewa baada ya kungoja siku saba zake, na siri hiyo Kinyozi hakuitoa kamwe. Mimi naitoa kwa sababu nilikuwa nimeketi pale ndani nikisoma gazeti.

Hofu yake ilikuwa moja tu: kumuunguza mtu. Aliniambia kwamba ukimnyoa mtu vibaya nywele zitaota tena, lakini ukimchoma ngozi, mahali pale hapaoti kitu, na kila atakayepatazama atauliza ni nani. Mafuta hayakumtisha sana. Kilichomtisha ni dawa za kulainisha nywele, na baadaye kalikiti, ile dawa ya kuzigeuza nywele kuwa mawimbi madogo yanayong'aa, ambayo miaka ya themanini iliwatia wazimu vijana wote wenye mshahara. Dawa hizo zina moto. Mimi ndiye niliyemsomea maandishi ya maboksi, maana Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha. Nikimwambia boksi linasema dakika ishirini, alijibu kwamba boksi halina kichwa. Aliongeza sheria ya pili, nayo aliwaambia wote waliokaa kwenye kiti chake:

"Saa ni wewe. Ukisikia moto, sema."

Kisha aliuliza kila baada ya muda mfupi kama mtu amesikia. Ukisema bado, aliendelea. Ukisema ndiyo, alimwaga maji papo hapo, hata kama dawa imekaa dakika mbili tu na nywele zitaharibika. Alimwamini mtu wa kwenye kiti kabisa, kama vile mimi nisivyomwamini mwanafunzi yeyote.

Sasa nifike pale nilipokuwa nakwepa.

Nilikuwa na mchumba, karani katika ofisi moja Kitui mjini. Jumamosi fulani tulikuwa tupeleke kwao mbuzi wa ntheo, wale ambao kwetu Ukambani wakishapokelewa binti anahesabiwa kuwa amechumbiwa. Vijana wa ofisini kwake walikuwa na kalikiti. Mimi nilikuwa na afro iliyopitwa na wakati na viatu vya kuazima. Alhamisi nikaenda kwa Kinyozi. Dawa mpya ilikuwa imefika kutoka Nairobi, na alikuwa amejipaka siku tatu zilizopita, akingoja aone kama ngozi itatoa magamba.

"Bado siku nne," aliniambia. "Kuja Jumatatu."

Nilimwambia Jumatatu nitakuwa nimeshaonekana na wakwe. Ile dawa ya zamani, ambayo aliijua, ilikuwa imekwisha. Nikambembeleza, kisha nikachoka kubembeleza. Nilimwambia anajifanya daktari wakati ni kinyozi wa sokoni. Nilimwambia kwamba Machakos kuna watu wanaofanya kazi, hawahesabu siku kama mama mjamzito. Nilimwambia anataka niaibike. Nilikuwa mteja wake wa miaka kumi na rafiki yake pia, na nilijua mahali pa kumgusa. Akasimama, miguu yote miwili chini, jambo ambalo sikuwa nimezoea kuliona.

"Haya, kaa," akasema mwishowe. "Lakini hii dawa mimi siijui vizuri, mwalimu. Wewe ndio saa. Ukisikia moto, sema."

Nilisikia dakika ya tatu, au ya nne. Moto ulianza nyuma kidogo ya utosi, mahali padogo, kisha ukawa kaa lililobandikwa pale. Akaniuliza kama nimesikia. Nikasema bado. Nilikuwa nimelisoma boksi mwenyewe na nilizitaka dakika zangu ishirini. Nilijua nikisema ndiyo atamwaga maji, nami nitakwenda kwa wakwe na kichwa kisichoeleweka, si afro si kalikiti. Akauliza mara ya pili, nikasema bado, nikashika mikono ya kiti. Mara ya tatu machozi yalikuwa yananitoka. Nikamwambia ni harufu ya dawa inaniwasha macho, ila moto bado.

Alipoanza kusuuza alitumia maji ya tangi bila kupima. Halafu mikono yake ikasimama. Ngozi ilikuwa imetoka, kipande cha ukubwa wa kidole gumba. Nikamsikia anavyopumua juu yangu. Nywele nyingine zote zilikuwa zimeshika vizuri sana, mawimbi kila mahali, na naona aibu kusema kwamba jambo hilo ndilo nililolitazama kwanza alipoondoa leso kwenye kioo.

Jumamosi nilikwenda kwa wakwe nimevaa kofia. Baba wa mchumba wangu alikuwa mzee wa kanisa mwenye kuhubiri huku na huku. Mbuzi walipokwisha kukaguliwa, alisema tuombe, kisha akangoja. Hakuna aliyefunga macho. Wote walikuwa wanatazama kofia yangu, kwa kuwa hakuna mwanamume anayeombewa amevaa kofia katika nyumba kama ile. Nikaivua. Kidonda kilikuwa kibichi na kilikuwa kinatoa maji. Mama mkwe akauliza kwa sauti ndogo ni nini kimenipata.

Ningeweza kusema mengi. Nilisema, "Kinyozi wa Tawa aliniunguza."

Walinihurumia. Nilipewa kipande kizuri cha nyama na mto wa kuegemea. Mkwe wangu alitikisa kichwa akasema huko ndiko urembo wa siku hizi unakotupeleka, na mimi nikakubaliana naye, nikitafuna. Alikuwa akialikwa katika makanisa matatu ya upande wetu wa Tawa na alipenda mifano iliyo hai. Kabla ya mwezi kwisha hakukuwa na mama aliyemruhusu mwanawe kukanyaga duka lile. Hata wale waliokuwa wakienda kwa mafuta ya mgando tu waliacha.

Kinyozi mwenyewe alikuja shuleni kila siku baada ya masomo kunisafisha kidonda, akiwa na spiriti na pamba kwenye mfuko wa karatasi. Alinisafisha kwa siku kumi na nne. Hakuzungumzia wateja waliokimbia, wala hakunikumbusha kwamba mimi ndiye niliyemsukuma. Aliuliza swali moja tu, lilelile kila mara, akiwa nyuma yangu mahali nisipoweza kuuona uso wake.

"Mkono yangu ilikosea wapi, mwalimu?"

Nami nilimjibu kwamba ni bahati mbaya tu, haya mambo hutokea. Nilikuwa na nafasi kumi na nne za kusema ukweli, na nilizipitisha zote. Baada ya miezi michache yeye na familia yake walifunga nyumba, wakaacha tangi na kila kitu, wakahamia Emali. Pale barabara ya Mombasa inakutana na ile ya Loitokitok, vichwa vingi ni vya wasafiri, na hakuna aliyemjua. Mkewe aliacha kwaya. Siku walipopakia vyombo kwenye lori nilikuwa darasani, na ningeweza kutoka nikaage. Niliwapa wanafunzi zoezi la kugawanya, nikalisahihisha mara mbili.

Nilioa, nikapata watoto, nikapandishwa cheo. Kalikiti nilizinyoa mwaka uliofuata, maana kile kipara cha nyuma kilionekana zaidi penye mawimbi. Nilipita Emali mara nyingi kwa shughuli za shule, na kila nilipopita nilitazama upande wa reli, kwa kuwa nilikuwa nimesikia kwamba duka lake liko upande wa pili. Nilikuwa sitaki kujua kama bado lipo. Baada ya miaka kumi ya ndoa nilimwambia mke wangu ukweli, jikoni. Aliacha kusonga ugali akaniuliza kwa nini namwambia yeye.

Ilipita miaka mingine miwili au mitatu. Tulikuwa tumeshaingia katikati ya miaka ya tisini niliposhuka Emali siku moja kubadilisha gari kwenda mkutano wa walimu wakuu huko Loitokitok. Gari lilikuwa lichelewe kwa saa mbili. Nilinunua chai nikaiacha. Nilizunguka soko mara mbili nikiulizia bei ya vitunguu ambavyo sikuvitaka. Kisha nikavuka.

Duka lilikuwa dogo, la mabati, na ndani mlikuwa na benchi lenye watu wawili wasio na haraka. Kichwa chake kilikuwa kimekwisha nywele kabisa, ngozi imejaa madoa meupe na meusi, na kofia ya sufu aliivua ili anisalimie. Alinijua mara moja. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akanizungusha taratibu, akapatazama pale mahali pangu nyuma ya utosi. Halafu akanikalisha, akanifunga kitambaa shingoni, akaanza upande wa kushoto na ile mashine yake ya mkono. Aliniuliza habari za shule na za watoto. Alikuwa amepungua mwendo kidogo, lakini miguu bado ilikuwa haijui kusimama.

Mmoja wa watu wa benchi, mchukuzi wa mizigo pale stesheni, alitaka kunichangamsha.

"Mwalimu, hapa ni kunyoa tu," alisema. "Dawa usiweke. Huyu mutumia, huyu mzee, anaosha kabla dawa haijaamka. Ndio maana watu wote wanavuka barabara kwa wale vijana."

Mwenzake akacheka. Kinyozi hakukasirika. Alieleza kwa upole, kama mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi, kwamba zamani alikuwa anamngoja mtu aseme, lakini aliona Tawa kwamba kuna vichwa visivyosikia moto. Mtu anasema bado na ngozi imeshaondoka. Kwa hiyo tangu siku ile hamwulizi mtu tena. Anahesabu dakika mbili anaosha, na dawa ikikataa kushika, basi ikatae. Hajamuunguza mtu mwingine.

Nilikaa pale nimefungwa kitambaa, nikahesabu. Miaka kumi na miwili au zaidi ya kuosha watu mapema. Kila kijana aliyeondoka pale nywele zimeshika nusu alikwenda akamwambia mwenzake, na yote hayo yalitoka kinywani mwangu. Niliona nikinyamaza tena nitakuwa nimemfanyia jambo lilelile mara ya pili, na safari hii sina mbuzi wa kupeleka popote.

"Nilisikia," nikasema.

Mashine ikasimama. "Ulisikia nini?"

"Moto. Siku ile Tawa. Ulianza dakika ya tatu, au ya nne."

"Nilikuuliza mara tatu."

"Mara tatu. Nikasema bado. Nilitaka nywele zishike."

Alikwenda hadi mlango wa nyuma akamwita mkewe, akamwambia aje asikie, kisha akanigeukia. "Rudia, mwalimu. Pole pole."

Nikarudia, mbele ya mama yule na mbele ya wale wawili wa benchi ambao sasa walikuwa wameacha kucheka. Mkewe alikuwa anafua, mikono yake ilikuwa na povu. Alisikiliza mpaka mwisho. Alimtazama mumewe, si mimi.

"Na sisi tukaacha nyumba," alisema, akarudi kwenye nguo zake.

Kinyozi alikuwa ametulia, wala haikuwa kwa sababu ya dawa. Niliomba msamaha. Nilisema maneno yote niliyokuwa nimeyapanga kwa miaka, na yalitoka mengi kuliko ilivyohitajika. Alipoona nimemaliza, alifungua kitambaa shingoni mwangu, akakikung'uta nje, akakikunja mara nne. Kwenye kioo niliona upande wa kushoto wa kichwa changu umenyolewa vizuri, karibu na ngozi, na upande wa kulia umejaa nywele kama nilivyoingia nazo.

"Hujamaliza, mzee," nikamwambia.

"Mimi nimemaliza," akasema. "Vuka barabara. Watakunyoa."

Nikavuka. Akina mama wa nyanya waliacha kuita wateja wakanitazama, na makanga mmoja wa matatu akanipigia mluzi. Nilikuwa na suti ya mkutano na nusu kichwa. Kwenye duka la ng'ambo kulikuwa na mashine za umeme na vijana watatu, muziki umefunguliwa mpaka mwisho. Yule aliyenikalisha aliniuliza ni nani ameniacha hivi, kisha akajijibu mwenyewe kwamba lazima ni yule mzee, amechoka, siku hizi hamalizi watu.

Nilimwambia hapana. Nilimwambia yule ni kinyozi mwangalifu kuliko wote waliowahi kunigusa kichwa, kwamba sikuunguzwa naye, niliungua kwa ulimi wangu mwenyewe, na kwamba kama dawa yake haishiki ni kwa sababu yangu. Kijana akawatafsiria wenzake kwa ufupi kwamba mwalimu ni mtu wa roho safi, anamtetea mzee. Wakanicheka kwa heshima. Nikaanza tena tangu mwanzo, tangu ile Alhamisi, lakini alikuwa ameshawasha mashine. Alinisukuma kichwa mbele kwa kidole kimoja akaniambia nisisemeseme, nitakatwa.